Patasi za Marehemu na Safari ya Doha

Ukungu wa Wundanyi humkumbusha mtu wa pwani kwamba amevaa kanzu nyepesi. Tulipanda kutoka Voi kwa njia ya Mwatate siku ya Ijumaa, tukaswali pamoja na ndugu zetu wa milimani, na baada ya swala kijana mmoja akatushika mkono akasema, "Sheikh, mama anakuomba ufike nyumbani kabla hujateremka." Tulikuwa tumeshasikia kwamba kijana huyo, seremala, amepata kazi Doha, tukadhani tunaitiwa dua ya safari. Dua ilikuwepo, lakini ilikuja mwisho. Mama yule, mjane wa mwaka wa pili sasa, alitandika leso kuukuu sakafuni, kisha akatoa zana za marehemu mumewe moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu mayai: patasi sita, juba moja, randa ya Stanley namba 5, msumeno wa mkono, nyundo, tupa mbili, jiriwa ndogo, koleo, bisibisi nne na pima-maji. Kijana naye akaongeza yake: drili ya betri na betri zake mbili.

"Sheikh," mama akasema, "hizi ndizo zilizowasomesha hawa watoto. Barua ya kazi inasema kila fundi aje na zana zake za mkono. Nimemwambia azitie kwenye mkoba wa mgongoni, aupakate ndani ya ndege, zisimtoke machoni. Nasikia huko chini masanduku hufunguliwa. Je, nimekosea?"

Tulimjibu kwamba hofu yake ni ya haki, lakini dawa aliyoichagua ndiyo itakayompotezea zana hizo.

Tunayasema haya kwa kuwa tumeyaona. Miaka michache nyuma tulimsindikiza kijana mwingine wa sehemu za Voi, fundi wa samani kama huyu, ambaye naye alibeba patasi zake mkononi kwa kuogopa wizi. Sisi tuliagana naye mlangoni tukaondoka. Begi lake kubwa lilikuwa limeshapokewa kaunta na kwenda zake. Alipofika kwenye ukaguzi wa mwisho, mkoba ukapita katika mashine, afisa akautazama, akamwambia kwa upole, "Hizi haziingii ndani, kijana." Mtu akifikwa na hali hiyo hubakiwa na njia tatu tu: arudi kaunta kuukabidhi mkoba kama mzigo wa chini, ikiwa muda ungalipo, ampe aliyemsindikiza, ikiwa bado yupo, au aziache. Muda ulikuwa umekwisha, na sisi tulikuwa tumeshafika mbali. Aliziacha. Zilikuwa patasi za Sheffield, za chuma cha zamani, na kwenye mipini yake babu yake alikuwa amechonga alama ya jina lake. Tangu siku hiyo hatuondoki kiwanjani mpaka msafiri atupigie simu kwamba amekwisha pita ukaguzi wa mwisho. Wala hatumlaumu yule afisa. Aliyestahili kuuliza mapema ni sisi wazee tuliojifanya wasindikizaji.

Basi na tuieleze kanuni yenyewe. Mzigo wa ndege una milango miwili. Kuna ule unaoingia nao mwenyewe ukauweka juu ya kiti chako, na kuna ule unaoukabidhi kaunta ukaingia tumboni mwa ndege. Kitu chenye makali, chenye ncha, au kizito kiasi cha kuweza kumpiga mtu, mlango wake ni huo wa pili. Tangu mashambulizi ya Marekani ya tarehe 11 Septemba 2001, ambapo watekaji walitumia visu vidogo, wakaguzi wa dunia nzima wamekuwa wakali katika jambo hili. Vipimo hutofautiana. Marekani huruhusu kabatini zana fupi zisizozidi inchi 7, nazo nchi za Ulaya huhesabu sentimita 6 za makali au za shina la bisibisi. Wako watu hushika vipimo hivi wakabishana navyo kwenye foleni. Rai yetu ni kwamba msafiri asivitegemee hata kidogo. Neno la mwisho ni la afisa aliye mbele yako, na ukibadilisha ndege njiani huenda ukakaguliwa upya na afisa mwingine aliye na jicho jingine. Bisibisi ya shilingi hamsini itakuchelewesha sawasawa na panga. Zana zote ziende chini, ndogo na kubwa.

Na dada zetu msidhani habari hii ni ya mafundi wa mbao peke yao. Mkasi wa fundi cherehani ni zana. Mbuzi ya nazi, anayobebewa binti aliyeolewa Maskati au London, ina ulimi wa chuma wenye meno, na haitapita mkononi hata ukieleza vipi kwamba ni ya kukunia nazi. Kisu cha jikoni kadhalika, na hata jambia la harusi lililo katika ala ya fedha. Vyote hivi husafiri salama vikikabidhiwa kaunta.

Sasa tunafika kwenye jambo linalowachanganya wengi, kwa sababu linakwenda kinyume cha hayo tuliyoyasema. Betri za akiba za drili haziendi chini. Hizo hupanda pamoja na msafiri mkononi. Kijana wetu alitutazama kama aliyesikia fatwa mbili zinazogongana, tukaona tumweleze sababu. Betri za siku hizi ni za lithiamu, na ikipata hitilafu, au ncha zake zikigusana na chuma, huweza kuwaka moto usiozimika kwa wepesi. Ikiwaka kabatini, wahudumu wataiona na kuikabili. Ikiwaka chini miongoni mwa masanduku, huenda isijulikane mpaka iwe imechelewa. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, aina ya Boeing 747, iliondoka Dubai ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu. Moto ukazuka ndani ya shehena, moshi ukawafunika marubani wasione hata vyombo vyao, na ndege ikaanguka huko huko Dubai walipokuwa wakijaribu kurudi. Wote wawili walifariki. Tangu Aprili 2016 ndege za abiria zimekatazwa kabisa kubeba betri hizo kama shehena.

Kuna hesabu ndogo ya kujua betri yako ni ya kiasi gani, na mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya. Zidisha volti kwa ampea-saa, zote zimeandikwa ubavuni mwa betri, upate wati-saa. Betri za kijana zilikuwa za volti 18 na ampea-saa 4, yaani wati-saa 72. Kisichozidi 100 huchukuliwa bila kuomba ruhusa. Baina ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza, na hazizidi mbili. Zaidi ya 160, msafiri asijisumbue nayo. Kila betri ifunikwe ncha zake kwa selotepu na ikae katika mfuko wake peke yake, mbali na funguo na sarafu. Drili yenyewe, ikiwa imetolewa betri, iende chini pamoja na ndugu zake.

Yapo pia yasiyo na mlango wowote, si wa juu wala wa chini. Gundi ya maji yenye harufu kali, tina, vanishi, spiriti ya kulainishia rangi, kopo la rangi ya kupuliza na mtungi wa gesi ya kuchomelea, vyote hivyo vibaki nyumbani. Msumeno wa petroli uliokwisha kutumika kwa kawaida hukataliwa hata ukiwa mkavu, kwa kuwa mvuke wa mafuta hubaki ndani ya tangi. Tena kwa watu wa Taita tunaongeza onyo ambalo wa Mombasa huenda wasilihitaji. Wengi huku hufanya kazi katika machimbo ya vito, ambako miamba hupasuliwa kwa baruti. Mkoba uliopata kubeba baruti, au nguo zilizovaliwa siku ya kupasua, usiutumie kusafiria. Viwanjani kuna mashine inayonusa chembe zisizoonekana kwa macho, na kijana asiye na hatia atajikuta katika chumba cha mahojiano ndege ikimwacha.

Jioni ile tulivua kanzu, tukakunja mikono, tukafunga. Tunaona fahari kusema kwamba ustadi mwingi ulikuwa wa mama. Zana zilifutwa vumbi na utomvu wa mbao, kisha zikapakwa mafuta ya mashine kidogo tu kwa kitambaa na kupanguswa tena, maana ukungu wa milimani huleta kutu, na chombo kinachochuruzika mafuta humtia mkaguzi mashaka. Kwa makali ya patasi mama alileta ndara zilizochakaa. Alikata vipande vya mpira, akachanja kila kimoja katikati, patasi ikaingia ncha yake humo kama upanga katika ala, kisha akafunga kwa uzi. Meno ya msumeno yalivikwa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani kilichopasuliwa kwa urefu. Hii si anasa. Atakayefungua sanduku lile kulikagua ni binadamu mwenye vidole, na dhambi ya kumkata mtu anayetekeleza kazi yake itakuwa juu ya aliyefunga ovyo. Kila chombo kilizungushiwa leso, vizito vikawekwa upande wa magurudumu, nguo zikajaza nafasi ili kisitikisike kitu.

Juu kabisa tuliweka karatasi yenye orodha ya kila kilichomo, jina la msafiri na namba ya simu, na nakala yake akabaki nayo mama. Mkaguzi akikuta zana zimepangwa na zina orodha, hatalazimika kuzitawanya ili azijue. Tulipiga picha ya kila chombo, kisha ya sanduku likiwa wazi, na ya mwisho likiwa limefungwa.

Hapo ndipo tulipoijibu hofu ya mama kuhusu masanduku yanayofunguliwa. Mzigo ulioukabidhi kaunta una mwenye dhamana. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaoliwajibisha shirika la ndege kwa mzigo uliopokewa ukapotea au ukaharibika. Lakini haki hiyo ina muda wake. Ukikuta chombo kimevunjika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea mzigo. Ukicheleweshewa, ndani ya siku 21 tangu ulipowekwa mikononi mwako. Afadhali zaidi ni kulalamika kabla hujatoka kiwanjani, ukiwa na kile kijikaratasi cha namba ya mzigo walichokubandikia. Na ijulikane kwamba fidia ina kikomo kwa kila abiria. Mwenye mali ya thamani kubwa hutoa tamko maalumu la thamani pale kaunta, na huenda akalipishwa kwa ajili yake. Mama aliposikia habari ya orodha na picha, uso wake ulikunjuka. Alisema marehemu naye alikuwa na daftari la zana alizowaazima watu.

Kisha tukapima. Tulibeba sanduku mpaka kwa muuza viazi jirani, mwenye mizani ya kuning'iniza, nayo ikasoma kilo 26 na zaidi. Tikiti ya kijana ilimpa kilo 23. Mashirika mengine hutoa 30, ila mahali pengi sanduku moja halipokewi likizidi 32 hata ukilipia, kwa kuwahurumia wapakizi migongo yao. Tukalirudisha nyumbani na kulifungua. Kijana akatoa nyundo na jiriwa, akisema Doha hakukosi duka la nyundo. Bado lilizidi. Kilichobaki kizito kilikuwa randa, karibu kilo mbili za chuma. Akaitazama, akairudisha ndani ya leso. "Nitatoa viatu," akasema.

Sauti ikatoka mlangoni. Ni mdogo wake, binti anayesoma useremala katika chuo kimoja cha ufundi Voi, ambaye muda wote alikuwa akitupitishia chai bila neno. "Kaka, na sisi je? Hizo zilikuwa za baba. Nani aligawa?"

Tunakiri mbele yenu, wasomaji wetu, kwamba tuliona haya. Sisi tunaofundisha mirathi tulikuwa tumekaa saa mbili tukifunga mali ya maiti bila kuuliza ni ya nani. Zana za fundi ni sehemu ya tirka yake kama lilivyo shamba, na kule kutumika kila siku hakuzifanyi kuwa za mwana wa kiume. Tulisimamisha kazi, tukauliza. Madeni yalikuwa yamelipwa, wasia haukuwepo, wazazi wa marehemu walimtangulia. Warithi ni mke, mwana mmoja na mabinti wawili, mkubwa wao ameolewa Mwatate. Tukamwita seremala mzee wa pale mjini, azithamini zana zote za marehemu kwa bei ambayo yeye mwenyewe angezinunua. Akasema shilingi 32,000.

Hesabu yake ni nyepesi. Mke ana thumuni, yaani 4,000. Zinazobaki 28,000 zinagawanywa mafungu manne, mwana mawili na kila binti moja: kijana 14,000, mabinti 7,000 kila mmoja. Dada mkubwa, kwa simu, alisema hana haja ya chuma, yeye atangoja fedha. Kijana aliandika mbele ya mashahidi kwamba ni deni juu yake, atalipa katika mishahara yake miwili ya mwanzo. Mama akasema thumuni yake anamwachia mwanawe iwe nauli. Tulimwuliza tena kando, bila watoto kusikia, kwani mama zetu wana tabia ya kusamehe haki zao mbele ya watu huku mioyo ikiuma. Akarudia kwamba ameridhia.

Akabaki binti. Tukamwuliza anataka fedha au chombo. Hakufikiri. "Randa," akasema. Mzee aliithamini 5,000, na jiriwa 1,500, na nyundo 500. Jumla 7,000 kamili, na tunaapa hatukuipanga sisi. Kijana alinyamaza kitambo. Randa hiyo alifundishwa nayo na baba yake. Kisha akaitoa katika leso, akampa dada yake kwa mikono miwili, akamwambia kisu chake hunolewa kwa nyuzi 25 na asimruhusu mtu wa chuoni amdanganye. Sanduku likarudishwa kwenye mizani ya viazi. Kilo 22 na kidogo, viatu vikiwamo.

Usiku, tulipokuwa tukifunga zipu, jirani mmoja alikuja na kifurushi kilichoshonwa, ampelekee nduguye aliyeko huko huko. Ni vigumu kumkatalia jirani, na kwetu kubeba salamu ni wema. Lakini kaunta msafiri huulizwa kama amefunga mzigo wake mwenyewe, na jawabu lake ni ushahidi. Miraa, ambayo Kenya ni zao halali, katika nchi za Ghuba huhesabiwa kuwa dawa ya kulevya, na ziko dawa za maumivu zinazouzwa kwetu ambazo huko humpeleka mtu kizuizini. Tulimwomba jirani akifungue mbele yetu. Kilikuwa na achari na kitabu. Kitabu kilikwenda, achari, kwa kuhofia mafuta yake juu ya patasi, tuliila siku ya pili kwa mihogo.

Kuhusu njia, treni ya Madaraka hupita Voi na ni raha kwa msafiri, ila kabla ya kupanda mizigo hukaguliwa kama ya kiwanja cha ndege, na humo treni hakuna kaunta ya kukabidhi zana. Mwenye visu na patasi na aulize kituoni kabla ya kukata tikiti. Kijana wetu alichukua basi la usiku mpaka Nairobi, akafika kiwanjani saa nne kabla ya ndege, betri zake mbili zikiwa mfukoni mwa mkoba na selotepu zake. Tulikaa na simu mkononi mpaka alipoandika: "Nimepita."

Siku mbili baadaye ikaja picha kutoka Doha, zana zimepangwa kitandani kwa mfuatano wa orodha. Mpini wa juba ulikuwa umepasuka njiani. Alikuwa amelalamika kiwanjani kwa maandishi, ila akasema hatangoja fidia, atachonga mwingine.

Tuliposhuka Mombasa juma lililofuata tulipitia Voi, tukamkuta binti kwenye karakana ya chuo, randa iko juu ya benchi na maranda yamejaa miguuni pake. Baada ya salamu swali lake lilikuwa moja: siku yeye akipata kazi Dubai, randa nayo itakwenda chini? Tukamwambia ndiyo, na kisu akitoe kwanza, akifunge peke yake katika kipande cha ndara.